Nikitaja bei yangu, sauti ya ndani inaniambia sistahili

SWALI: Mshauri, habari za kazi? Mimi ni fundi cherehani, nimejiajiri na huu ni mwaka wangu wa tatu. Wateja ninao, na wengi hurudi. Shida ni kwamba kila nikitaka kutaja bei, kuna sauti inaniambia, "Wewe nani utoze hivyo? Mkono wako mzito." Maneno hayo ya mkono aliniambia fundi aliyenifundisha. Basi najikuta nimeshapunguza bei kabla mteja hajafungua mdomo. Nilishauriwa nisimame mbele ya kioo kila asubuhi nijiambie, "Mimi ni bora, mimi ni mshindi." Nimefanya hivyo mwezi mzima, naona hali inazidi. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Hujakosea. Zoezi la kioo ndilo halikufai kwa sasa, na jambo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Joanne Wood waliwaomba watu wajirudierudie sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajiamini tangu awali walijisikia vizuri kidogo. Wale wa kujidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuambiwa kujisifu. Mtu akijisemea asiloliamini, akili hukimbilia ushahidi wa kulipinga. Wewe unasema "mshindi", nayo inakuletea kila nguo uliyowahi kuikosea.

Kuilazimisha sauti inyamaze nako hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaambia wanafunzi kwa dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia mara nyingi zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Kilichobaki ni kuipima. Daktari Aaron Beck aliligundua hili katika miaka ya 1960 akitibu watu wenye sonona: kichwani mwao zilipita sentensi fupi fupi, za haraka, ambazo hawakuziita wala kuzichunguza, wakazipokea kama habari ya kweli. "Mkono wako mzito" ni sentensi ya namna hiyo. Alipokuambia fundi wako, ilihusu mkono wa mwanagenzi wa wakati ule. Wewe unaitumia leo kumpimia mtu ambaye wateja wanamrudia.

Hapo kwenye kupunguza bei nataka tukae zaidi, maana ndipo shaka yako inapojilisha. Ukishusha bei kabla mteja hajasema neno, kitatokea kimojawapo kati ya mawili. Akikubali, sauti itasema amekubali kwa sababu ni rahisi. Akiondoka, itasema hata kwa rahisi hawakutaki. Vyovyote iwavyo, hutajua kamwe angesema nini kwa bei yako halisi. Unapata nafuu ya dakika moja, na hofu inabaki palepale ikimsubiri mteja anayefuata. Miaka mitatu umekuwa ukiilinda hivyo bila kujua, na naelewa kwa nini: nafuu ile ni tamu.

Kabla ya kuigusa hofu, piga hesabu. Kitambaa, uzi, vifungo, umeme, pango, na saa zako, saa ambazo mafundi wengi husahau kuziandika. Hiyo ndiyo bei yako ya chini. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingine shaka huwa na haki: kama hujui nguo inakugharimu nini, wasiwasi wako si wa moyo, ni wa daftari, na nasaha hazitautibu. Ukishaipata, iandike kwenye karatasi uibandike mahali unapoiona.

Kisha chukua wateja 10 wanaofuata. Kabla ya kutaja bei, andika utabiri wa sauti yako kwa maneno yake na kiasi unavyouamini: "Ataondoka, 90 kwa 100." Taja bei. Nyamaza. Kimya hicho kitakuuma kuliko kazi yote ya siku, lakini hapo ndipo mazoezi yalipo. Mteja akiomba umpunguzie, mnaweza kuelewana kama kawaida ya biashara; ninachokukataza ni kupunguza kabla hujaombwa. Mwisho andika kilichotokea. Wakifika 10, hesabu wangapi waliondoka kweli. Sikuahidi kwamba hataondoka hata mmoja. Baadhi wataondoka, nawe utaona kwamba siku iliendelea.

Kuna mtego nataka uujue mapema. Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza hali ya wanawake waliofaulu sana kazini na masomoni ambao bado waliamini wamewadanganya watu. Kila mafanikio waliyahesabu kuwa bahati, au kwamba waliowapima walikosea. Nawe mteja akilipa bei kamili, utajisikia kusema, "Huyu alikuwa na haraka tu." Kwa hiyo usiandike "amelipa" peke yake. Andika ulichofanya wewe: ulimpima mara mbili, ulimwonyesha mshono wa ndani, ulimkabidhi siku mliyoahidiana. Bahati haina mshono wa ndani wa kuonyesha.

Na siku ukikosea kweli, taja kosa kwa ukubwa wake. "Nimekosea kipimo cha kiuno" ni kazi ya kufumua na kushona upya. "Sijui kushona" haina pa kuanzia. Ikikuwia vigumu, jiite kwa jina lako, uzungumze kama unavyomweleza mwanagenzi wako unayempenda. Utafiti wa Ethan Kross na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kujisemesha kwa jina badala ya "mimi" humsaidia mtu kutulia kabla na baada ya jambo la kumtia hofu.

Jambo moja la afya. Kama huzuni imekukaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hulali, huli, hata kazi uliyoipenda haikuvutii, hilo limevuka mambo ya bei; muone daktari. Ukipata mawazo ya kujiua, usingoje wiki yoyote, mwambie mtu wa karibu akupeleke siku hiyo hiyo.

Vinginevyo anza kesho. Mteja wa kwanza akiuliza bei, itaje ilivyo kwenye karatasi, kisha endelea kukunja kitambaa chako mpaka yeye ndiye aseme.