Tiketi ya Mama na Kimbunga Milton

Kila mwaka ikifika Agosti naanza kupata simu za aina moja. Mtu ana tiketi ya kuja Florida, ameona kwenye habari kuna kimbunga kinazunguka baharini, anauliza: "Nije, nisije?" Na mimi huwa namuuliza: ndege yako ni siku gani, saa ngapi, na unafikia mtaa gani? Wengine hukereka. Wanataka niwaambie kimbunga kitapiga au hakitapiga. Hilo silijui, na hata wataalamu wa vimbunga walioko Miami hawalijui kwa uhakika mpaka kimeshafika jirani. Ninachokijua ni kwamba milango hufungwa kabla upepo haujafika, na kila mlango una saa yake. Nimejua hivyo baada ya kumkosesha mama yangu ndege, Oktoba 2024.

Mama alitoka Kilwa Masoko mwezi Agosti kuja kumwona mjukuu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa Jumatano tarehe 9 Oktoba, usiku, kutoka Orlando. Sisi tunakaa Brandon, mashariki ya Tampa, kiasi cha saa moja na robo kwa gari mpaka uwanja ule. Wiki mbili kabla, Kimbunga Helene kilikuwa kimepita mbali kabisa baharini na kwenda kuingia nchi kavu kaskazini ya Florida, lakini maji yake yaliingia nyumba za watu St. Petersburg, ng'ambo ya ghuba ya Tampa, kama yamekaribishwa. Magodoro, makochi na majokofu yaliyooza bado yalikuwa yamerundikwa kando ya njia yakisubiri lori la taka. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 5, kimbunga kingine kilipopewa jina la Milton ndani ya Ghuba ya Mexico, watu walikuwa hoi hata kabla hakijaanza.

Jumapili usiku nilifungua programu ya shirika la ndege kwenye simu. Kubadilisha tarehe ilikuwa bure, na ndege ya Jumanne ilikuwa na viti. Nikamwambia Mama, "Tusubiri taarifa ya asubuhi, huenda kikageuka." Kilikuwa daraja la 1 tu, la chini kabisa kati ya matano. Nikaenda kulala.

Jumatatu mchana Milton ilikuwa daraja la 5, na jioni upepo wake ulifika kilomita 290 kwa saa. Kutoka la 1 hadi la 5 kwa siku moja! Kupanda kwa kasi namna hiyo ni nadra, lakini maji ya Ghuba yakiwa ya moto hutokea, na mwaka huo yalikuwa ya moto kupita kawaida. Nilipofungua tena ile programu, viti vya Jumanne vilikuwa vimekwisha. Florida nzima ilikuwa imefungua programu zile zile. Ndege ya Jumatano ikafutwa, na uwanja wa Orlando ukasimamisha safari za abiria saa 2 asubuhi siku hiyo hiyo, zaidi ya nusu siku kabla Milton haijagusa nchi kavu. Tampa walikuwa wamefunga tangu Jumanne saa 3 asubuhi.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunahesabu siku mpaka kimbunga kifike, wakati tunapaswa kuhesabu mpaka uwanja ufungwe, na kutoka hapo kurudi nyuma mpaka viti viishe. Milton ilitua Jumatano saa 2:30 usiku. Kwangu mimi mlango ulikuwa umeshafungwa Jumatatu kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nifanyavyo ni hivi. Kimbunga kikipewa jina na njia yake inapita karibu na uwanja nitakaotumia, naandika kwenye karatasi ninayoibandika mlangoni mwa jokofu siku na saa ya kuamua. Kwa ndege ya Jumatano ningeandika Jumapili saa 5 usiku. Saa hiyo ikifika, naamua kwa nilichonacho. Shirika likiruhusu kubadilisha bila faini, nabadilisha, hata kama jua linawaka nje na jirani ananicheka. Kimbunga kikigeuka, nitakuwa nimepoteza siku mbili. Bora lawama kuliko fedheha.

Saa 5 usiku siyo bahati nasibu. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku, kila baada ya saa sita, na tahadhari ikishatangazwa kwa pwani huongeza taarifa fupi katikati. Kwa saa za hapa ni saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Mswahili ana mtego wake hapo: Mmarekani anasema 5 pale tunaposema 11, na anasema 11 pale tunaposema 5. Mama alikuwa anakosa taarifa mbili kila siku kwa sababu ya hilo, mpaka nilipomwandikia saa za Kiswahili kwenye karatasi. Ukishazijua saa hizo, soma basi taarifa hizo nne na funga simu. Katikati yake ni makelele tu: audio za WhatsApp, video za kimbunga cha mwaka mwingine zikisambazwa kama za leo, na ile michirizi ya rangi ya kukisia njia ya kimbunga kwenye ramani, inayofanana na tambi zilizomwagika, ambayo kila mtu anachagua mchirizi unaompendeza.

Kuna na ile koni nyeupe ya kwenye ramani. Watu huitazama kama mpaka wa shamba: niko nje, basi niko salama. Koni inaonyesha mahali kitovu cha kimbunga kinapoweza kupita, nayo huchorwa kwa kuangalia wataalamu walikosea kwa kiasi gani miaka mitano iliyopita. Mara mbili kati ya tatu hivi kitovu hubaki humo ndani. Mara moja hutoka. Haisemi lolote kuhusu upana wa kimbunga wala maji yatafika wapi. Mwaka 2022 sote hapa tulikuwa tunaitazama Tampa katikati ya mstari wa Kimbunga Ian. Fort Myers walikuwa ukingoni. Tarehe 28 Septemba Ian ikatua Cayo Costa, pale kwao, na watu zaidi ya 100 wakafa Florida, kaunti ya Fort Myers ikipoteza wengi kuliko nyingine yoyote. Huku Tampa tukaokota matawi.

Daraja nalo linadanganya kwa njia yake. Linapima kasi ya upepo tu. Kuanzia la 3, yaani kilomita 178 kwa saa, wanakiita kimbunga kikubwa. Milton ilipokuwa inasogea ilishuka kutoka la 5 hadi la 3, na nikasikia watu dukani wakishusha pumzi: "Kimepungua." Kilipungua kasi katikati, lakini kilikuwa kimetanuka, na mvua ilikuwa ile ile.

Basi Jumanne asubuhi, ndege imekwenda, tukabaki na swali la pili: tuondoke kwa gari? Shemeji yangu wa Atlanta alipiga simu mara tatu. "Njooni huku, nyumba ipo." Jirani yangu wa mlango wa pili alipakia watoto na mbwa akaondoka saa 1 asubuhi. Saa 7 mchana akatuma picha: yuko Ocala, mahali ambapo siku ya kawaida unafika kwa saa moja na nusu. Vituo vya mafuta njiani vilikuwa vimefunikwa mifuko ya plastiki kwenye pampu, ishara kwamba hakuna kitu.

Watu wa hapa wana msemo wao, kwamba maji unayakimbia, upepo unajificha. Na ndivyo amri za kuhama zilivyopangwa. Kaunti nyingi za pwani zimegawanywa kwa herufi, A ndiyo ya chini kabisa karibu na bahari, halafu B na kuendelea. Herufi hizo zinahusu maji ya bahari yanayosukumwa na upepo mpaka yanapanda mitaani, na ndiyo yanayoua haraka. Ukiandika anwani yako kwenye tovuti ya kaunti, unapata herufi yako kwa dakika moja. Sisi Brandon hatuna herufi, tuko juu, na jengo letu ni la matofali ya saruji. Kwetu sisi kuingia barabarani na mama mwenye presha, kusimama saa kumi na mbili juani bila mafuta, kulikuwa hatari kubwa kuliko kukaa. Tukakaa.

Rafiki yangu Mkongo, fundi magari, alikuwa na hesabu tofauti. Yeye anakaa St. Petersburg, kanda A, na Helene ilikuwa imemfikia magotini sebuleni. Naye alikuwa anawaza Atlanta. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kwa nini ukimbie kilomita 700 wakati zipo 45?" Jumanne mchana akavuka daraja kuja kwetu na mkewe, watoto wawili na sufuria ya pondu, yaani kisamvu. Kuvuka ilikuwa lazima iwe siku hiyo, maana madaraja ya ghuba ya Tampa hufungwa upepo ukizidi, na ukishachelewa umekwama upande uliopo. Watu wengi hawajui kwamba kuhama maana yake ni kutoka kwenye maji tu. Mara nyingi nyumba ya rafiki iliyo juu, au shule iliyofunguliwa kupokea watu, inatosha.

Na usikimbie kimbunga kwa kubahatisha. Wapo waliofikiri upande wa pili wa jimbo, pwani ya Atlantiki, ni salama kwa vile Milton ilikuwa inakuja kutoka magharibi. Jumatano mchana, saa kadhaa kabla haijatua, vimbunga vidogo vya nchi kavu vilizuka huko na kuua watu kaunti ya St. Lucie.

Jumatano asubuhi nilimkuta Mama jikoni amemwaga dawa zake za presha mezani, anazihesabu kwa kidole. Zilikuwa sita. Alikuwa amebeba za kumfikisha nyumbani na siku mbili za akiba, na mimi sikuwahi kuuliza. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa tangu jana yake. Ukija huku kati ya Juni na mwisho wa Novemba, ndiyo msimu wenyewe, beba dawa za wiki mbili zaidi na karatasi ya daktari yenye jina la dawa, siyo jina la pakiti. Tulikuja kuzipata Jumatatu kwenye kliniki moja, na kwa bei waliyonitoza ningemsafirisha Mama kwa basi Kilwa na Dar mwaka mzima.

Milton ilitua Siesta Key, karibu na Sarasota, kusini yetu. Ule mkengeuko mdogo ndio uliookoa mji. Upepo ulivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, na badala ya maji kupanda Tampa, ghuba ikakauka ukingoni, watu wakaona tope. Kusini ya Sarasota ndiko bahari ilikoingia. St. Petersburg ilipata mvua ya zaidi ya sentimita 45, na paa la uwanja wa besiboli likachanika kama kitambaa. Kwetu umeme ulikatika saa 3 usiku. Transfoma zilikuwa zinapasuka mbali, mbingu inawaka kijani kisha giza. Watoto wote tuliwalaza ukumbini, mbali na madirisha. Mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, tasbihi mkononi. Mei ya mwaka huo huo alikuwa Kilwa wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilipokatika pale Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Akasema polepole, "Hidaya alikuja na maji. Huyu kaja na sauti."

Kabla ya umeme kukatika nilikuwa nimefanya jambo moja la maana: nilituma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba simu zitakuwa kimya labda siku mbili, na kimya hicho kisiwatishe. Mtu mmoja tu, kaka yangu wa Dar, ndiye angetafutwa na kuwajulisha wengine. Bila hivyo, Kilwa wangekesha, na betri yetu ingeishia kwenye salamu.

Umeme ulirudi siku ya nne. Mafuta yalichelewa zaidi. Uwanja wa Tampa ulifunguliwa Ijumaa, lakini kufunguliwa kwa uwanja siyo kupata kiti, maana kila aliyefutiwa ndege yuko kwenye foleni mbele yako. Mama alipata Jumatano iliyofuata, tarehe 16. Tungeweza pia kudai pesa: ndege ikifutwa na shirika, sheria ya Marekani inampa abiria haki ya kurudishiwa nauli yake akikataa safari mbadala, hata kama sababu ni hali ya hewa. Wanaopokea simu hawaanzi kukuambia hilo. Wanaanza na vocha. Na bima ya safari, kama unaitaka, inunue unapokata tiketi. Kimbunga kikishapewa jina, bima ya kimbunga hicho haiuzwi tena.

Siku ya kuondoka tulitoka Brandon mapema mno, yeye ndiye aliyelazimisha. Njia nzima marundo yalikuwa yameongezeka, ya Helene chini na ya Milton juu yake. Kwenye pochi alikuwa na dawa za mwezi mzima. Tulifika saa tano kabla ya ndege, tukakaa kwenye viti vya chuma, akafungua chapati.