Mama hasikii harufu: je, uvimbe wake ni saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 56. Mwaka jana maharage yaliungua mpaka moshi ukatanda jikoni, naye yupo palepale juu ya mbuzi anakuna nazi, hasikii harufu yoyote. Tukadhani ni mafua. Baadaye akawa mkimya na asiyejali, hata msiba wa dada yake hakutaka kwenda. Mwezi uliopita alianguka kifafa. Kipimo cha CT kikaonyesha uvimbe wa sentimita 4.5 nyuma ya paji la uso, ukaitwa meninjioma. Wajomba wanasema kichwa kikishafunguliwa mtu haponi, afadhali twende kwa mganga. Je, hii ni saratani? Na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, aliyochomwa kwa miaka 12, inahusika?
Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti. Meninjioma huota kwenye tando zinazofunika ubongo, wala si kwenye ubongo wenyewe, na takribani 8 kati ya 10 ni za daraja la kwanza, yaani si saratani. Hata hivyo daraja la uvimbe wa mama litajulikana kwa hakika pale tu utakapotolewa na kupimwa maabara.

Uvimbe huu hukua polepole mno, ubongo ukasogea pembeni kuupisha, ndiyo maana mtu hukaa nao miaka bila kulalamika. Mahali ulipo ndipo panapoamua dalili. Wa mama umekalia neva za harufu na sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia hulka, kwa hiyo maharage yale na ule msiba ni dalili za ugonjwa mmoja. Msimlaumu kwa kutokwenda.

Kabla ya uamuzi wowote apigwe picha ya MRI (kipimo kinachotumia sumaku), akichomwa mshipani dawa inayofanya uvimbe uonekane vizuri, ili ijulikane kama umegusa mishipa ya damu au neva za macho. Meninjioma ndogo isiyosumbua huachwa ikafuatiliwa kwa picha, na mionzi ya kulenga hufaa zaidi kwa zisizozidi sentimita 3 hivi. Wa mama umepita hapo na umeshaleta kifafa, hivyo naona upasuaji ndiyo njia. Dawa ya deksamethasoni, akiandikiwa, hupunguza maji yanayouzunguka uvimbe lakini haiuyeyushi. Asiiache ghafla, na apimwe sukari.

Wajomba wasibezwe, maana upasuaji una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi, kuvuja kwa maji ya ubongo. Lakini wapo wanaoishia vibaya kwa sababu walichelewa hadi macho yameanza kufifia, kisha lawama ikaangukia kisu. Daktari bingwa hukata kipande cha fuvu, hutoa uvimbe na utando ulipoota, kisha hurudisha mfupa. Ombeni rufaa ya MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Ikihitajika mionzi baadaye, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kuhusu sindano, umeuliza jambo la maana. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanawake waliotumia medroksiprojesteroni, dawa iliyomo katika sindano hiyo, kwa mwaka mmoja au zaidi, walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 5, kuliko wasioitumia, wa kupata meninjioma inayohitaji upasuaji. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni nadra, hata ukizidishwa mara 5 bado ni wanawake wachache, kwa hiyo dada zako wasiache kwenda kliniki kwa hofu. Kwa mama, hatuwezi kusema ndiyo iliyomletea, ila mweleze daktari, na kama bado anachomwa, aache.

Baada ya upasuaji atarudi kupigwa picha kwa miaka kadhaa, kwa kuwa uvimbe huweza kuota tena. Hulka yake inaweza kurejea taratibu. Harufu mara nyingi hairudi, hivyo kama mnapikia gesi, asiachwe kuwa peke yake wa kukagua mtungi, na chakula kilicholala kinuswe na mwingine kabla hajakila.