Mtoto wa shule mwenye mfuko wa choo tumboni

SWALI: Shikamoo Bi. Muuguzi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na yuko darasa la tatu. Akiwa mdogo aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, akawekewa kolostomi, yaani tundu tumboni la kutolea choo kutoka utumbo mpana hadi kwenye mfuko, na mpaka leo tunasubiri upasuaji wa kumrekebisha. Majuzi mfuko ulivuja darasani, wenzake wakaziba pua na kumpa jina baya. Tangu siku hiyo kila asubuhi analalamika kuwa tumbo linamuuma, na babu yake anashauri akae nyumbani hadi tundu litakapofungwa. Nifanye nini?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie pole zangu mjukuu wangu, kwa maana kuzibiwa pua mbele ya darasa zima si jambo dogo kwa mtoto wa umri huo. Babu yake anasema hayo kwa uchungu na ninamheshimu, lakini kwa hili sikubaliani naye. Tarehe ya upasuaji hutegemea uzito na afya ya mtoto pamoja na nafasi ya daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na mtoto akiwekwa ndani muda wote huo atapoteza masomo, tena atajifunza kwamba mwili wake ni jambo la kufichwa.

Kwanza, yeye mwenyewe aelezwe ugonjwa wake kwa maneno ya kawaida. Alipokuwa tumboni mwako, seli za neva zinazouwezesha utumbo kusukuma choo hazikufika mwisho wa utumbo mpana, kwa hiyo kipande kile hubana na choo hukwama nyuma yake. Daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886, na leo unatibika kwa upasuaji. Haukutokana na kitu ulichokula ukiwa mjamzito wala na jicho la mtu. Mtoto anayeyajua haya huwa na la kujibu anapoulizwa.

Sasa tuje kwenye kuvuja, kwa sababu hofu yake imeanzia hapo, na maneno ya kumliwaza hayatafaa kitu ikiwa mfuko utaendelea kuvuja. Ngozi inayozunguka stoma, yaani ule mdomo wa utumbo uliotokezwa tumboni, ioshwe kwa maji safi, kisha ikaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini hadi iwe kavu kabisa. Mafuta ya nazi, losheni na poda visipakwe hapo, kwani gundi haishiki juu yake. Tundu la mfuko likatwe lizidi ukubwa wa stoma kwa milimita 2 au 3 tu, maana likiwa pana choo huichoma ngozi, na likiwa dogo ukingo wake huikwaruza stoma. Upime upya mara kwa mara, kwa kuwa mtoto anakua. Ukishaubandika, uwekee kiganja kwa dakika chache ili joto la mkono liisaidie gundi kushika. Jasho la kaskazi hapo Tanga huibandua gundi mapema, hivyo miezi hiyo utaubadilisha mfuko mara nyingi zaidi kuliko wakati wa kipupwe, na mifuko ya akiba isiwekwe chini ya bati la moto wala dirishani penye jua. Mfuko umwagwe unapofika theluthi moja, kabla uzito wake haujaanza kuivuta gundi.

Najua mifuko hii ni ghali na haipatikani katika kila duka la dawa. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali mnayotibiwa, umweleze hali yenu bila kuona haya. Siku mfuko ukikosekana, ngozi ipakwe krimu ya zinki na stoma ifunikwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichofungwa bila kubana. Mfuko ukipatikana, krimu hiyo ioshwe yote kabla ya kubandika.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko hayo yote ni mikono yake mwenyewe. Mtoto wa miaka 9 anaweza kabisa kujifunza kumwaga mfuko wake, na mpaka aweze hatakuwa na amani shuleni. Mfundishe kwenye choo cha kuchuchumaa, kama kile cha shule. Anabana pindo la shati kwa kidevu, anamwaga maji kidogo chooni ili uchafu usimrukie, anachuchumaa, anafungua mdomo wa mfuko akiuelekeza chini, anaukamua kwa vidole kutoka juu, anaufuta mdomo ndani na nje kwa karatasi, anaufunga, kisha ananawa kwa sabuni. Siku za mwanzo atachafua sakafu. Usimgombeze wala usikunje uso, kwa maana uso wako ndio anaousoma. Arudie kila jioni hadi awe anafanya huku akikusimulia habari za mpira. Hapo ujue ameiva.

Kabla hajarudi, nenda naye kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Waombeni aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake, na atumie choo chenye komeo na maji, hata kama ni cha walimu. Awe na begi dogo lenye mfuko uliokwisha kukatwa tundu, chupa ya maji, karatasi laini, kifuko cha kutupia na kaptula ya akiba. Kaptula ya sare iwe na mpira laini kiunoni, kwani mkanda hauna budi kuepukwa ukipita juu ya stoma. Jina baya walikomeshe walimu, lakini wasimsimamishe mbele ya darasa kuonyeshwa. Nani aambiwe na nani asiambiwe aamue mwenyewe, akipenda kujibu, inatosha kusema, “Nilipasuliwa tumbo, choo changu kinatokea hapa, na siambukizi mtu.”

Ikiwa jioni anakwenda chuoni, zungumza na ustadhi pia. Fikihi ina hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, ambaye hutawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukishaingia, kisha akasali. Hakuna sababu ya kumtoa kwenye safu.

Kuhusu tumbo la asubuhi, angalia kama linamuuma Jumamosi. Lisipouma siku ya mapumziko, yaelekea ni hofu. Lakini tumbo likivimba, akapata homa, akatapika, akaharisha choo chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au choo kikaacha kutoka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, au ikichomoza nje na kukataa kurudi. Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, na damu kidogo wakati wa kuifuta isiwatishe.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Katika darasa langu la tano yumo msichana mwenye ileostomi, yaani tundu la choo lililotokezwa kutoka utumbo mwembamba. Je, acheze na ale kama wenzake?
Mwalimu wa Muheza

JIBU: Acheze, Mwalimu. Netiboli, mbio na hata kuogelea vinafaa iwapo daktari wake ameshamruhusu. Aumwage mfuko kwanza. Tofauti na kolostomi, ileostomi hutoa choo cha majimaji, kwa hiyo mwili hupoteza maji na chumvi haraka. Baadhi ya watoto hujinyima maji ili wasiende chooni mara nyingi, na hilo ndilo ningependa ulitazame kwa makini: anywe siku nzima, na choo kikizidi kuwa chepesi apewe ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Msimu wa machungwa ukifika hapo Muheza, ale, ila atafune vizuri na ateme nyuzi zake, kwani zinaweza kuziba utumbo. Mahindi ya kuchoma na vipande vya nazi ale kidogokidogo, akivitafuna hadi vilainike. Choo kikikoma kutoka kwa saa kadhaa huku tumbo likimsokota au akitapika, mpigie mzazi wake papo hapo na apelekwe hospitali, hata kama ni katikati ya mtihani.