Hofu ya kupanda basi baada ya ajali

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe. Nimekuelewa: tangu ajali ya mwaka jana hujaweza kupanda basi la Moshi kwenda Arusha, na wenzako wa jumuiya wanakuambia kwamba imani yako ni haba. Hilo la mwisho nalikataa. Zaburi ya 56 ni ya Daudi akiwa mikononi mwa Wafilisti huko Gathi, naye haanzi kwa kusema kwamba haogopi, bali kwamba siku anapoogopa humtumaini Mungu. Na 1 Yohana 4:18, inaposema kwamba pendo huifukuza hofu, inataja hofu ya adhabu, si mshtuko wa mtu aliyechomolewa kwenye mabati yaliyokunjamana.

Mimi nilipokuwa na hofu kama yako nilianza na daladala hadi Boma Ng'ombe tu, nikikaa karibu na mlango, noti ya nauli ikilowa jasho kiganjani, huku nikiirudia sala ya Daudi kila kituo. Nilichukua miezi kadhaa kufika Usa River, karibu na Arusha (mara mbili nilishukia njiani, wala sikujilaumu). Lakini ikiwa hulali, au ajali inakurudia ukiwa macho, nenda hospitali ya KCMC pale Moshi ukaonane na daktari wa afya ya akili, na ukiandikiwa dawa usiziache kwa sababu tu umeombewa.