Kabla Hujamwita Binti Yako Yara

Mdogo wangu alipojifungua binti wake wa kwanza, kazi ya kutafuta jina niliachiwa mimi, na zilikuwa zimebaki siku tatu tu kabla ya akika. Nilichagua Yara, kwa kuwa ni fupi na linatamkika, na orodha moja ya majina niliyoikuta mtandaoni ilisema maana yake ni "kipepeo mdogo". Shangazi yetu alikuwa amempakata mtoto nilipokuwa nikisoma maelezo hayo kwenye simu, naye aliuliza swali moja: "Kwa lugha ya nani?" Sikuwa na jibu. Orodha ya pili ilisema ni "malkia wa maji" kwa lugha ya wenyeji wa asili wa Brazil, na hapo shangazi akanyanyua uso. "Maji yana wenyewe," alisema, "msimbebeshe mtoto jambo msilolijua."

Nilichojifunza siku zile tatu, nikakiendeleza baadaye, ndicho ninachomshauri kila mzazi anayeniuliza kuhusu jina hili: kwanza tenganisha majina mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Yara wanayeitwa mabinti wa Muscat au Beirut hufungamanishwa na Kiajemi, ambako yar ni mwandani na yara ni nguvu au uwezo. Yara wa Brazil, ambaye huandikwa pia Iara, ametoka katika Kitupi, lugha iliyozungumzwa kwenye pwani ya nchi hiyo Wareno walipofika mwaka 1500. Wawili hawa hawana undugu wowote. Kipepeo naye hayumo katika Kitupi cha jina hili, kwani neno lao la mdudu huyo limebaki katika Kireno cha Brazil kama panapaná, kundi la vipepeo.

Pili, na hapa ndipo penye utamu, livunje jina vipande. Maji kwa Kitupi ni irabu moja tu, ambayo Kiswahili hatuna. Wataalamu huiandika y na Wareno aghalabu waliiandika i. Ni irabu ileile inayoanza jina la maporomoko ya Iguaçu, yaani maji makubwa. Kipande cha pili, îara, orodha nyingi hukifasiri kuwa malkia au bibi, lakini neno hilo halichagui mwanamume wala mwanamke: ni bwana, mmiliki, mwenye kitu. Wamisionari Wajesuti walilitumia kumwita Yesu Îandé Îara, Bwana Wetu, nalo limo pia katika jina la kiume la Ubirajara, mwenye rungu au mkuki. Katika jina hili Kitupi kimetanguliza kinachomilikiwa, sisi hulitanguliza neno mwenye. Kwa hiyo Iara, kwa Kiswahili kisichohitaji mapambo, ni Mwenye Maji. Watu wa pwani yetu waliowahi kuwaita wakubwa wao Mwinyi hawapaswi kulitafutia neno hili malkia wa kuazima.

Hata onyo la shangazi lilikuwa karibu na fikra za wenyeji wa Amazoni kuliko orodha zote mbili, maana jamii nyingi za huko nazo huamini kwamba mto, msitu na wanyama vina wenyewe, ambao mvuvi na mwindaji hupaswa kuwaheshimu.

Jambo la tatu linawaudhi baadhi ya watu: hadithi ya Iara, msichana mrembo mwenye nywele ndefu, anayeimba mtoni na kuwazamisha wanaume, si ya kale kama inavyosimuliwa. Waandishi wa karne ya 16 walimtaja ipupiara, zimwi la majini lisilo na urembo. Mmoja wa waandishi hao, Mreno Pero de Magalhães Gândavo, katika kitabu chake cha mwaka 1576, anasimulia kuuawa kwa zimwi mmoja huko São Vicente, pwani ya Brazil, mwaka 1564. Mtafiti wa ngano Luís da Câmara Cascudo alionyesha kwamba nguva huyo mrembo ni mchanganyiko ulioundwa baadaye, karne ya 19, kwa sura ya Kizungu na jina la Kitupi. Kwa maoni yangu hilo haliliharibii jina heshima; linamzuia tu mzazi asimwambie mtoto kwamba wasichana wa Kitupi waliitwa hivyo tangu zamani. Hans Staden, Mjerumani aliyetekwa na Watupinambá, wasemaji wa Kitupi wa pwani ya Brazil, katika miaka ya 1550, aliandika kuwa wanawake wao walichukua majina ya ndege, samaki na matunda.

Lugha yenyewe haijafa kabisa. Mrithi wake, Nheengatu, ni lugha rasmi ya manispaa ya São Gabriel da Cachoeira, huko Amazoni nchini Brazil, tangu mwaka 2002, kwa hiyo tunapoazima jina hili tunaazima kwa watu walio hai, na ni adabu kulieleza sawasawa tunapoulizwa.

Mtoto wetu aliitwa Yara hatimaye, baada ya baba yake kuridhika kwamba maana zote mbili, ya Kiajemi na ya Kitupi, hazina ubaya. Shangazi peke yake hajawahi kulitumia jina hilo. Yeye humwita Mwinyi Maji, hasa jioni, mtoto anapong'ang'ania ukingo wa beseni na kukataa kutolewa.