Jibu: Saa ya kila siku kwa bajeti ya elfu 80

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: unataka saa moja ya kazini na ya mtaani, mkono wako ni mwembamba, na ile ya rangi ya dhahabu uliyonunua imebanduka rangi ndani ya miezi michache.

Kabla ya yote, igeuze saa. Ikiandikwa "stainless steel back", maana yake ni mfuniko wa nyuma tu usioshika kutu. Mwili mara nyingi ni madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo: jasho liliila pale inapogusana na ngozi, ikatoka alama za kijani hadi kwenye mkono wa shati. Tangu hapo, kwa bei ya chini sigusi ya dhahabu. Nachukua ya rangi ya fedha au nyeusi.

Kwa mkono mwembamba tafuta upana wa milimita 36 hadi 39, na masikio ya saa (ncha zinazoshika mkanda) yasivuke upana wa kifundo cha mkono. Mkanda wa milimita 18 au 20 unabadilishika kirahisi; wa ngozi ya kahawia unaipendeza sana saa ya kawaida.

Saa yenye alama ya kuzuia maji ya "30M" ni ya kunawa na mvua, usiogelee nayo.

Mimi navaa Casio F-91W, saa ya kidijitali, ipo sokoni tangu 1989, gramu 21, betri takriban miaka 7. Kupima kama ni halisi, bonyeza kitufe cha kulia sekunde 3, itaandika CASIo. Baadhi ya bandia nazo huandika, kwa hiyo dai risiti.