Bomu la atomiki au bomu la nyuklia? Na kombora je?

Msomaji mmoja kaniletea swali ambalo nimelipenda sana. Anasema aliandika hivi: "Mwaka 1945 Marekani ilirusha kombora la nyuklia Hiroshima." Mwenzake akaifuta akaweka "bomu la atomiki", akamwambia nyuklia ni mambo ya siku hizi, la zamani lilikuwa la atomiki. Wakabishana weee mpaka wakachoka. Anauliza nani yuko sahihi, na je ni kitu kimoja chenye majina mawili au ni vitu viwili?

Jibu la haraka ni kwamba kwenye nyuklia uko sawa, kwenye kombora umekosea, na mwenzako hajakosea kusema atomiki ila sababu aliyokupa ndo sio. Sasa tukae kidogo kwenye hayo maneno maana ukiyafungua moja moja unaona historia nzima ya hiyo silaha imo humo ndani.

Atomu ni neno la Kigiriki, maana yake kitu kisichokatika. Watu wa kale waliwaza kwamba ukikata kitu ukakikata tena na tena utafika mahali pa mwisho ambapo hapakatiki, hapo wakapaita atomu. Baadaye sana sayansi ikagundua kwamba hata hiyo atomu ina mambo yake ndani, kuna elektroni huku nje na katikati kuna kiini chenye protoni na nyutroni. Kiini ni neno letu la siku zote, tunasema kiini cha yai, kiini cha habari, na kiini cha atomu kinakaa humo humo bila shida. Na nyuklia inatokana na neno la Kilatini la kiini, ambalo nalo lilianzia kwenye kokwa. Kwahiyo silaha ya nyuklia maana yake hasa ni silaha ya kiini.

Hapo ndo jibu lako lilipo. Bomu la kawaida nalo linafanya kazi kwa atomu, yani likilipuka atomu zake zinaachana na kuungana upya kwa namna nyingine na joto linatoka, ila huo mchezo wote ni wa elektroni za nje, viini vinabaki vile vile kama vilivyokuwa. Kwenye silaha ya nyuklia kinachoguswa ni kiini chenyewe, na nguvu iliyofungwa kwenye kiini ni mamilioni ya mara ukilinganisha na ile ya nje, uzito kwa uzito. Ndo maana mimi napendelea nyuklia, linasema nguvu imetoka wapi. Atomiki linakupeleka kwenye nyumba sahihi lakini halikuonyeshi chumba.

Ilianzaje? Desemba 1938 pale Berlin wanakemia wawili, Otto Hahn na Fritz Strassmann, walikuwa wanaipiga urani, metali nzito sana, kwa nyutroni wakakuta imetokea bariamu, elementi nyepesi kabisa ukilinganisha na urani, wakashindwa kuelewa imetoka wapi. Hahn akamwandikia mwenzake wa miaka mingi Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi ambaye alikuwa amekimbia Wanazi na yuko Sweden, na yeye pamoja na mpwa wake Otto Frisch ndo wakaelewa kwamba kiini kimepasuka vipande viwili. Frisch alitafuta neno la kukiita kitendo hicho akaenda kuliazima kwa watu wa biolojia, lile wanalotumia seli inapojigawa. Mi hii napenda kuisimulia kwa sababu inaonyesha kwamba hata wanasayansi wenyewe walikopa neno, sisi tukikopa hatujafanya dhambi. Kwa Kiswahili wengi wanasema mpasuko au mgawanyiko wa kiini, na kwenye maandishi ya kisayansi utakutana na mwatuko, linatoka kwenye kuatuka, yani kupasuka. Mwatuko ni neno zuri mno na inaniuma kwamba halisikiki.

Kiini cha urani kikipasuka kinatoa nyutroni nyingine mbili tatu, hizo zinapasua viini vingine, navyo vinatoa nyingine, ndo ule mfululizo ambao mwanafizikia Leo Szilard alishauwaza tangu 1933 hata kabla hajajua ni elementi gani itaukubali. Agosti 1939 yeye ndo alikuwa nyuma ya barua iliyosainiwa na Albert Einstein kwenda kwa rais Roosevelt wa Marekani, kumtahadharisha kwamba Ujerumani inaweza kutengeneza bomu la aina hiyo. Tarehe 2 Desemba 1942 mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakaufanya mfululizo huo kwa mara ya kwanza Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo. Kile walichojenga pale tunakiita kinu, kinu cha nyuklia, na naomba msikichanganye na bomu. Kwenye kinu mfululizo unashikwa uende taratibu, kwenye bomu unaachiwa uishe wote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mradi wa kutengeneza bomu uliitwa Manhattan, mkuu wake wa kijeshi ni Leslie Groves, maabara ya Los Alamos ikaongozwa na Robert Oppenheimer. Na urani yao kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Yani sehemu ambayo Kiswahili kinazungumzwa ndo ilitoa madini ya Hiroshima, na ukisoma simulizi nyingi za jambo hili hutaikuta Kongo hata mstari mmoja. Mimi kila nikiandika hii habari nitaitaja.

Hapo hapo kuna neno lingine mnaloliona kila siku kwenye habari, kurutubisha urani. Limeshazoeleka na sina mpango wa kulipinga ila lazima nilieleze maana linapotosha. Kurutubisha tunajua ni kutia rutuba, unamwaga mbolea kwenye udongo, kuna kitu kinaongezwa. Kwenye urani hakuna kinachomwagwa. Urani inayochimbwa ina aina mbili kubwa, ile inayopasuka kirahisi inaitwa urani 235 nayo ni asilimia 0.7 tu, iliyobaki karibu yote ni urani 238. Kurutubisha ni kuitenga ile 238 pembeni ili fungu la 235 lipande, kwa vinu vya umeme vingi inatosha asilimia 3 mpaka 5, kwa silaha wanafika kama 90. Kwahiyo ukisikia nchi fulani imerutubisha mpaka asilimia 60 jua sio mbolea, ni kuchambua kama unavyochambua mchele, isipokuwa hapa mchele na chuya vinafanana karibu kila kitu na tofauti yake ni uzito mdogo tu, ndo maana kazi yenyewe ni ngumu hivo.

Bomu la kwanza lilijaribiwa tarehe 16 Julai 1945 jangwani New Mexico, lilikuwa la plutoni, elementi nyingine ambayo kiini chake nacho kinapasuka kirahisi. Tarehe 6 Agosti ndege ikaangusha la urani Hiroshima, Japani, nguvu yake kama kilotani 15, yani sawa na tani 15,000 za TNT, ile baruti ya mabomu ya kawaida, na siku tatu baadaye la plutoni likaanguka Nagasaki. Mpaka mwaka ule unaisha watu zaidi ya laki moja walikuwa wamekufa kwenye miji hiyo miwili, wengi wao raia, wengine kwa moto na mshindo na wengine kwa mionzi wiki na miezi baadaye.

Sasa kwanini mwenzako analo neno atomiki kichwani? Kwa sababu ndivyo dunia ilivyotangaziwa. Taarifa ya rais Truman siku ile ya Hiroshima ilisema wazi kwamba hilo ni bomu la atomiki, magazeti yakalibeba hivyo hivyo, na jina lenyewe lilikuwepo kabla ya kitu, lilishaandikwa kwenye riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1914. Ila fizikia ya bomu lile ilikuwa ya kiini tangu mwanzo, haikubadilika na zama.

Kilichokuja kubadilika ni kingine. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ikalipua kisiwa kimojawapo cha visiwa vya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, kwa kifaa kilichounganisha viini vya haidrojeni, sio kupasua vikubwa peke yake, nguvu ikazidi megatani 10, yani tani milioni 10 za TNT, karibu mara 700 ya Hiroshima. Huko kuungana kitaalamu kunaitwa myeyungano, na bomu lenyewe bomu la haidrojeni, nalo linawashwa na bomu la mpasuko lililowekwa humo ndani. Tangu hapo ikabidi kuwe na jina la kuyafunika yote mawili, nyuklia ikachukua nafasi hiyo. Kwahiyo bomu la atomu au la atomiki siku hizi ni lile la mpasuko peke yake, la haidrojeni ni la myeyungano, na yote ni mabomu ya nyuklia.

Tahajia ni nyuklia, sio nyukilia wala nuklia. Silaha haichukui ma-, ni silaha hii, silaha hizi, silaha za nyuklia, na ukisema za kinyuklia hujakosea. Bomu la, mabomu ya, basi.

Nabaki na kombora. Kombora ni kitu kinachorushwa, kinatoka kwenye mzinga au kinajisukuma chenyewe angani mpaka kinapoenda. La Hiroshima halikurushwa na chochote, lilidondoshwa kutoka kwenye ndege na likalipuka likiwa bado hewani kama mita 600 juu ya mji. Makombora ya nyuklia yapo, na ile sehemu yake ya mbele yenye kulipuka inaitwa kichwa cha nyuklia, ndo maana mnasikia nchi zinahesabiwa vichwa. Ila mwaka 1945 hayakuwepo. Kwahiyo sentensi yako iandike hivi: "Mwaka 1945 Marekani iliangusha bomu la nyuklia Hiroshima." Na ukitaka kubana zaidi weka la atomu, wewe na mwenzako mtakuwa mmekutana hapo.